Ulianza Lini Kuharisha Damu?

Mama mdogo wangu alipoketi mbele ya daktari bingwa wa magonjwa ya tumbo, swali la kwanza halikuwa la maumivu. Daktari alimuuliza, "Mama, hali hii ilianza lini?" Mama mdogo akafikiri kidogo, akajibu, "Zamani, dokta. Mwaka ule mwanangu wa pili alipoingia darasa la kwanza." Daktari akauliza mtoto huyo sasa yuko darasa la ngapi. Yuko kidato cha nne. Daktari akahesabu kwa vidole, kisha akaandika juu kabisa ya faili: miaka 10.

Katika miaka hiyo alitibiwa amiba mara nyingi mno, hata muuza duka la dawa mtaani akawa anamwona tu na kumfungia vidonge bila kuuliza. Alimeza dawa za minyoo. Aliambiwa ana bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Kila mara tumbo lilitulia wiki mbili tatu, kisha damu na makamasi vikarudi chooni. Mfuko wa nailoni aliokuja nao ulijaa majibu ya vipimo vya choo na maganda ya vidonge. Hapakuwa na karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba kuna mtu aliyewahi kuutazama utumbo wake kwa ndani.

Nawaandikia wale walio katika hali aliyokuwa nayo yeye, na wale wanaoishi nao. Utumbo mpana uliovimba kwa miaka mingi unaweza kuzaa saratani. Saratani hiyo mara nyingi hutanguliwa na mabadiliko ambayo kamera huyaona kabla mgonjwa hajahisi lolote. Na hesabu ya kujikinga huanzia mwaka dalili zilipoanza, si mwaka ulipoambiwa jina la ugonjwa. Mwenye kuujua mwaka wake ana nafasi kubwa ya kuiwahi.

Kuvimba kupi?

Kila mtu huumwa tumbo. Ukinywa maji machafu au ukila chakula kilichochacha, utumbo huvimba, unaharisha siku tatu nne, kisha mwili unapata nafuu. Huko siko kuvimba ninakokuzungumzia. Nazungumzia kuvimba kwa miezi na miaka, ambapo kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe na haijui kuacha.

Magonjwa makuu ya namna hii ni mawili. Wa kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo huanzia kwenye puru, ikapanda kufuata utumbo mpana na kuuchubua utando wa ndani hadi ukatoa damu. Daktari Samuel Wilks wa London aliueleza mwaka 1859. Wa pili ni ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, mahali hapa na mahali pale, na huzama ndani ya unene wa ukuta wa utumbo. Burrill Crohn na wenzake wawili, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, madaktari wa mjini New York, waliueleza mwaka 1932. Crohn huyohuyo na mwenzake mwingine walikuwa wameripoti tangu mwaka 1925 juu ya saratani iliyoota kwenye utumbo wa mgonjwa wa kolaitisi. Kwa hiyo uhusiano huu umejulikana kwa takriban miaka 100.

Yapo matatizo mawili ambayo watu huyachanganya na haya. Vidonda vya tumbo, vile vinavyochoma chini ya kifua, huwa kwenye mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba. Hilo ni jambo jingine. Na tumbo linalojaa gesi na kuvurugika mtu akiwa na mawazo, bila damu, bila homa, bila kukonda, linasumbua kweli lakini halileti saratani.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kolaitisi na Crohn ni magonjwa ya Wazungu. Leo madaktari wa hospitali kubwa za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanawatibu watu wetu wenye magonjwa hayo, na wengi wao ni vijana.

Jinsi kuvimba kunavyozaa saratani

Utando wa ndani wa utumbo hujijenga upya haraka kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Seli zake huzaliwa, hufanya kazi siku chache, hufa, na nyingine hushika nafasi. Kila seli inapojigawa hunakili maelezo yote ya urithi yaliyomo ndani yake. Utumbo ukiwa mzima, kazi hiyo huenda kwa utaratibu. Ukivimba, seli nyingi hufa, na zilizobaki hulazimika kujigawa harakaharaka ili kuziba pengo. Papo hapo askari wa kinga ya mwili humwaga kemikali kali zilizokusudiwa kuua vijidudu, nazo huziunguza seli za mwili wenyewe. Mfikirie karani anayenakili hati ndefu mbiombio ndani ya chumba kilichojaa moshi. Atakosea tu, na akikaa humo miaka 10, makosa yatarundikana.

Ndivyo inavyokuwa. Jeni liitwalo TP53, ambalo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaana, huharibika mapema katika saratani ya utumbo uliovimba. Katika saratani ya kawaida ya utumbo mpana, jeni hilo huharibika kuelekea mwisho wa safari. Isitoshe, saratani ya kawaida huanza kama kinyama kilichojitokeza, rahisi kukiona na kukikata. Kwenye utumbo uliovimba, badiliko mara nyingi huwa bapa, limejificha katikati ya makovu na wekundu. Madaktari hukiita kipindi hicho displasia: seli zimeshapotoka, bado hazijawa saratani. Kipindi hicho ndicho tunachotaka kukiwahi.

Kuvimba kuzaa saratani si jambo geni kwetu. Anayeishi Zanzibar au kwenye mabonde ya mpunga anakijua kichocho cha mkojo. Mayai ya vimelea hukwama kwenye ukuta wa kibofu, kibofu huvimba miaka na miaka, na mwishowe saratani ya kibofu inaweza kutokea. Homa ya ini aina ya B inaweza kulivimbisha ini hadi likapata saratani. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori hufanya vivyo hivyo kwenye mfuko wa chakula. Mjerumani Rudolf Virchow alilishuku jambo hili mwaka 1863, alipoona askari wa kinga ya mwili wamejazana ndani ya uvimbe wa saratani.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za kolaitisi ya vidonda. Walikuta kwamba katika kila wagonjwa 100, wapatao 2 walikuwa wamepata saratani ya utumbo baada ya miaka 10 ya ugonjwa, 8 baada ya miaka 20, na 18 baada ya miaka 30. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha hatari ndogo kuliko hiyo, kwa sababu dawa zimekuwa bora na wagonjwa wanaofuatiliwa kwa kamera wameongezeka.

Kwa hiyo wengi wa wagonjwa hawa hawatapata saratani kamwe, na asije mtu akakutia hofu ya bure. Ila hatari hupanda kadiri miaka inavyopita, na haipandi sawa kwa wote. Mambo haya ndiyo yanayoipandisha:

Eneo lililovimba. Ugonjwa ulioishia kwenye puru peke yake hauongezi hatari kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ulioenea utumbo mpana wote ndio wenye hatari kubwa. Kwa mwenye Crohn, hesabu hii inamhusu ikiwa ugonjwa umeshika sehemu kubwa ya utumbo mpana.

Ukali wa kuvimba. Hospitali ya St Mark's ya London imewafuatilia wagonjwa wa kolaitisi kwa kamera tangu miaka ya 1970. Watafiti wake walionyesha mwaka 2004 kwamba kadiri utumbo ulivyovimba vikali ndivyo displasia na saratani zilivyoongezeka, na kwamba mgonjwa ambaye utumbo wake umerudi kuonekana mzima kwa kamera, hatari yake hushuka karibu na ya mtu yeyote wa kawaida. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari njema kuliko zote katika makala hii.

Ugonjwa wa mirija ya nyongo. Baadhi ya wagonjwa wa kolaitisi hupata makovu kwenye mirija ya nyongo. Macho ya manjano na kuwashwa mwili ni ishara zake. Mwenye ugonjwa huu hangoji miaka ipite. Hupimwa kwa kamera kila mwaka tangu siku anapogundulika.

Damu ya ukoo. Ikiwa mzazi, kaka au dada aliugua saratani ya utumbo, hasa kabla ya kufikisha miaka 50, mwambie daktari hata kama hakuuliza.

Usijipe jina la ugonjwa

Hapa kwetu kuharisha damu kuna sababu nyingi, na mara nyingi si kolaitisi. Kuna amiba, kuna bakteria wa Shigella, na kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha utumbo. Kuna pia kifua kikuu cha utumbo, ambacho hufanana na ugonjwa wa Crohn hata mbele ya kamera. Ugonjwa huu ni wa kuogopwa kwa namna yake, kwa sababu dawa za Crohn hupunguza kinga ya mwili, na mwenye kifua kikuu akipewa dawa hizo ugonjwa wake hulipuka. Ndiyo maana si haki kwa mgonjwa kubahatishiwa, awe anabahatishiwa amiba au kolaitisi.

Kwa hiyo shika kanuni hii. Ukitibiwa amiba mara mbili na damu ikarudi, usiende kununua dozi ya tatu. Kuharisha kukizidi wiki nne, au damu na makamasi vikionekana tena na tena, nenda hospitali useme waziwazi: "Daktari, tatizo hili limekuwa likirudi tangu mwaka fulani, nimeshatumia dawa hizi na hizi, naomba rufaa nikapimwe utumbo kwa kamera." Beba maganda ya dawa zote na majibu yote ya vipimo. Na ukiambiwa ni bawasiri, kumbuka kwamba bawasiri hutoa damu, lakini kwa kawaida haikuharishi, haikukondeshi, wala haikuamshi usiku kukimbilia chooni.

Kamera ya utumbo, hatua kwa hatua

Kipimo chenyewe huitwa kolonoskopia. Miongozo ya tiba ya nchi nyingi inasema mgonjwa wa kolaitisi, au wa Crohn ya utumbo mpana, aangaliwe kwa kamera yapata miaka 8 baada ya dalili kuanza, hata kama anajisikia mzima. Baada ya hapo hurudia kila baada ya mwaka 1 hadi miaka 5, kulingana na hatari yake. Kwa mama mdogo, ambaye hakuwa hata na jina la ugonjwa, saa hiyo ilikuwa imeshapita kwa miaka 2.

Watu wengi hukiogopa kipimo, lakini wenye kukipitia watakwambia kazi kubwa ni maandalizi. Siku moja kabla unaacha vyakula vigumu na kunywa vimiminika vinavyopenyeza mwanga: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, juisi iliyochujwa isiyo nyekundu, maana rangi nyekundu hufanana na damu mbele ya kamera. Jioni unakunywa dawa ya kusafisha utumbo, lita baada ya lita, na unakaa karibu na choo. Siku chache kabla, acha vyakula vyenye mbegu kama mapera na nyanya. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma husimamishwa takriban wiki moja kabla, kwa sababu hupaka utumbo weusi. Ukiwa na kisukari au unatumia dawa za kuyeyusha damu, uliza mapema upangiwe, usijiamulie. Utumbo usiposafika vizuri, daktari haoni kitu, na utarudia yote.

Siku ya kipimo unapewa dawa ya usingizi mwepesi. Daktari hupitisha mpira laini, unene wa kidole, wenye taa na kamera mbele, akapanda taratibu utumbo mpana wote. Mama mdogo alilala chali baadaye kwenye kitanda cha magurudumu, akauliza, "Wataanza saa ngapi?" Walikuwa wameshamaliza. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, na usiendeshe gari siku hiyo.

Kwa mgonjwa wa kuvimba kwa muda mrefu, kutazama peke yake hakutoshi. Daktari anaweza kunyunyiza rangi ya buluu inayofanya mabaka yaliyojificha yajitokeze, na huchukua vipande vidogo kama punje za mtama kutoka sehemu mbalimbali vikapimwe maabara. Kuvichukua hakuumi. Uliza kabla: je, gharama niliyotajiwa inajumuisha vipimo vya vipande hivyo? Bima yangu inalipa? Wengi hukwama hapo. Kipimo kimefanyika, majibu hayapo. Na kipimo cha ufuatiliaji kifanyike ugonjwa ukiwa umetulia, maana utumbo unaowaka huwachanganya hata wataalamu wa maabara.

Kwa mama mdogo walikuta kolaitisi ya utumbo mpana wote, na pia baka moja lililoinuka kidogo. Majibu yakasema displasia. Walilikata kwa kamera hiyohiyo, bila kupasua tumbo. Sasa hurudi kila mwaka. Ingekuwa mabadiliko yametapakaa, angeshauriwa kuondolewa utumbo mpana wote, na hilo nalo si mwisho wa maisha. Watu wanaishi, wanafanya kazi, wanazaa.

Tumbo likinyamaza, dawa usiiache

Kosa ninaloliona zaidi ni hili. Mgonjwa anaanza dawa, damu inakoma, anashukuru Mungu, anaacha dawa. Lakini kukoma kwa dalili si kupona kwa utando. Kuvimba kunaweza kuendelea kimyakimya, na kuvimba huko kimyakimya nako huzaa makosa yaleyale. Kipo kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini kinachoonyesha kama bado kuna kuvimba. Uliza kama kinapatikana ulipo.

Dawa za msingi za kolaitisi ni mesalazini na salfasalazini, na humezwa kwa miaka. Anayetumia salfasalazini aulize kuhusu foliki asidi, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza mwilini. Prednisoloni huzima moto haraka, lakini si ya kukaa nayo: hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, na ukiikata ghafla unaweza kuanguka. Iache kwa ngazi, kwa maelekezo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuchokoza ugonjwa. Mwambie muuza dawa una tatizo la utumbo kabla hajakupa. Na mama mjamzito asiache dawa kwa hofu. Ugonjwa ukiwaka ndio unaomdhuru mtoto zaidi. Aulize kwanza.

Kuhusu chakula, hakuna mlo unaotibu magonjwa haya, na anayekuuzia unga wa mizizi kwa ahadi hiyo anakupotezea miaka. Chakula bora, hata hivyo, kina kazi yake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu vijijini Afrika, akaihusisha hali hiyo na vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi nyingi. Dona, maharage, mbaazi, matembele na mchicha ni urithi wa kurudia. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa zipunguze, pombe ipunguze, sigara iache. Tumbo likiwaka, geukia uji, wali laini, viazi na ndizi mbivu hadi litulie, na kunywa maji ya kutosha.

Usingoje siku ya kliniki ukiharisha damu mara sita au zaidi kwa siku, ukipata homa, tumbo likijaa na kuwa gumu, au ukizimia. Wahi hospitali siku hiyohiyo. Na ugonjwa uliokuwa umetulia ukibadilika, kwa mfano choo kimekuwa chembamba, umeanza kufunga choo, unakonda au damu inapungua mwilini, hilo nalo halisubiri.

Mficha maradhi

Kinachotumaliza zaidi ni kuona haya. Mtu anaweza kumwambia jirani habari za presha na kisukari, lakini habari za choo hufa nazo. Mama mdogo aliificha hali yake hata kwa mumewe. Aliacha kwenda misibani na harusini kwa kuogopa kukosa choo, watu wakasema anaringa. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiona ndugu yako anakaa chooni muda mrefu, anakataa safari, anakonda, muulize kwa upole, faraghani, na ujitolee kumsindikiza.

Leo kabla hujalala chukua daftari, uandike mambo manne: mwaka dalili zilipoanza, dawa ulizotumia, kama kuna saratani ya utumbo katika ukoo, na tarehe ya mwisho ulipopimwa kwa kamera. Kama hujui mwaka, tafuta kwa mtoto aliyezaliwa, kwa msiba, kwa nyumba mliyohamia. Kisha hesabu. Ikiwa imefika miaka 8, au kama bado hujawahi kuambiwa ugonjwa wako ni nini, omba rufaa wiki hii.